Wimbo Uliotangulia Uwanjani

Bujiku alikuwa akifunga waya wa breki ya baiskeli kwenye gitaa lake, pale ulipokatika uzi, redio ilipoanza kuimba wimbo wake. Si wimbo wa kufanana na wake. Wake. Gitaa la solo lilipanda kwa ngazi zile zile alizozihangaikia tangu msimu uliopita wa pamba, likasita pale pale alipotaka lisite, kisha ikaingia sauti ya mwanamume ambayo aliijua kama anavyojua kikohozi cha ndugu yake. Ilikuwa sauti ya Cornel. Maneno mengine yalikuwa yamegeuzwa kidogo, lakini jambo moja lilimkaa kooni kuliko yote. Pale alipoliweka jina la dada yake, Anisia, Cornel aliimba Ghati.

Alidhani watu watashtuka. Ngokolo Jazz nzima ilikuwa pale uani kwa Marselino, kiongozi wao, Jumapili mchana, wakisubiri kuanza mazoezi. Hakuna aliyeshtuka. Mpiga tumba alianza kutikisa kichwa, mpiga besi akagongagonga goti lake kwa kidole. Wimbo ulipokwisha mtangazaji akasema huo ni "Ghati", umepigwa na Nyota ya Dhahabu ya Geita, mtunzi na mwimbaji ni Cornel, na kwa kadi za wasikilizaji umeingia nafasi ya tisa katika nyimbo kumi zinazopendwa.

"Huyu si Cornel wetu?" Marselino akapiga makofi. "Alituaga anakwenda kuchimba dhahabu, kumbe amekwenda kuchimba nyimbo!"

Wakacheka wote. Cornel alikuwa mpiga ridhimu wao mpaka juzi juzi tu, na hawakuachana kwa ubaya.

"Huo wimbo ni wangu," Bujiku akasema.

Kicheko kikakatika, wakamtazama kama mtu aliyevua shati kanisani.

Hapa lazima ielezwe jinsi Bujiku alivyokuwa akitunga, la sivyo mtu atadhani wenzake walikuwa na roho mbaya tu. Roho mbaya walikuwa nayo, lakini haikuwa peke yake. Baba yake Bujiku alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, wa kundi la Bagika kule Kishapu, na kule pamba ikishauzwa, Bagika na Bagalu husimama uwanja mmoja, kila kundi upande wake, na watu hukimbilia upande unaowapendeza. Wimbo wa msimu hufichwa kama mbegu. Manju huwafundisha waitikiaji kiitikio chao bila kuwaambia beti, na mpiga ngoma hupewa mapigo bila kujua yanasindikiza nini, kwa sababu upande wa pili ukiunasa na kuuimba kwanza, basi umekwenda. Hakuna mzee atakayekusikiliza ukilalamika. Wimbo ni wa aliyetangulia nao uwanjani, na sheria hiyo baba yao alikufa nayo.

Bujiku aliyaacha manyanga na njuga za baba yake akashika gitaa, lakini tabia ile aliondoka nayo. Katika Ngokolo Jazz kila mtu alijua kipande chake. Mpiga besi alijua besi, Cornel alijua ridhimu, na mahali pa maneno Bujiku aliimba lalala tangu mwanzo hadi mwisho. Walimtania wakamwita Bwana Lalala. Maneno yangetoka siku ya kurekodi, mbele ya kipaza sauti cha redio, na si kabla.

Na siku hiyo ilikuwa imekaribia. Ngokolo Jazz walikuwa wamerekodi zamani, msidhani ni watoto. Walipanda treni hadi Dar es Salaam wakaimba wimbo wa kuisifu pamba, na redio ikaupiga alfajiri, kabla ya kipindi cha wakulima, wakati wanaosikiliza ni ng'ombe tu. Walirekodi wa pili wa kuwaasa walevi, na walevi wakaupenda, ila walevi hawatumi kadi redioni. Mmoja ulibahatika kufika Nairobi ukawa santuri kabla mpaka wa Kenya haujafungwa, na santuri hiyo iko kwenye baa moja ya Kahama, imetafunwa na sindano mpaka sauti ya Marselino inasikika kama ya mtu anayezama. Nyimbo kumi zinazopendwa walizisikia za wenzao. Sasa mafundi wa redio walikuwa njiani kuja Shinyanga na gari lao la kurekodia, na safari hii, kwa mara ya kwanza, Marselino alikuwa amekubali Bujiku aimbe wake mwenyewe.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa Anisia. Anisia ndiye mkubwa wao, na ndiye aliyekuwa na sauti katika nyumba ile. Alipoongoza kwaya ya parokia, hata baba yake, ambaye kanisa alilipita kwa mbali, alisimama nje akasikiliza. Alikuwa ameshaitwa chuo cha ualimu. Ndipo akaja Gregory kutoka Masumbwe, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa rika la baba yake au karibu na hapo, akaleta mahari, ng'ombe weupe waliojaza zizi. Mwaka huo Bujiku alikuwa amelilia gitaa mpaka akagoma kula. Baba akawauza baadhi ya ng'ombe wale, gitaa likaja kutoka Mwanza limefungwa kwenye blanketi. Hakuna aliyemuuliza Anisia kitu. Alikwenda Masumbwe, na kila Bujiku alipolishika lile gitaa alihisi ameshika mkono wa dada yake bila ruhusa.

Kwa hiyo alitunga. Ulipokamilika alisafiri hadi Masumbwe, akakaa mlangoni mwa jiko la Anisia, akamwimbia yeye peke yake:

*Anisia dada yangu,*
*ng'ombe wako ndio gitaa langu,*
*kilio chako ndicho sauti yangu.*

Anisia alikuwa ameinamia moto. "Rudia," akasema. Bujiku akarudia. "Rudia tena." Akarudia mpaka moshi ukamkaba, na kadiri dada yake alivyotaka tena ndivyo moyo wake ulivyopanuka kwa furaha.

"Huu ni wako, dada. Utausikia redioni. Tanzania nzima itajua ulichonifanyia."

"Jina langu lazima liwemo?"

Bujiku alicheka. "Jina ndilo kichwa cha wimbo. Wimbo usio na kichwa utautuma wapi?"

Ndiyo maana pale uani kwa Marselino hakuwa akililia sifa, ingawa sifa nazo alizitaka, asiyezitaka nani. Alikuwa amemwahidi dada yake jambo moja katika maisha yake yote, na sasa jambo lenyewe lilikuwa linazunguka nchi likiwa na jina la mwanamke mwingine.

"Sawa," Marselino akasema, "ni wako. Nani alikusikia ukiyaimba maneno hayo?"

Bujiku akamtazama mpiga besi. Mpiga besi akainua mabega. "Mimi najua besi yangu, kaka. Maneno mimi nilisikia lalala."

"Mliisikia sauti ikipanda! Ni ile ile!"

"Sauti ndiyo," Marselino akasema. "Lakini Cornel naye alikuwa anaipiga. Tutajuaje kama si yeye aliyekuwa anakufundisha wewe? Mlikuwa mnalala chumba kimoja, mnakula sahani moja. Leo katoka nao yeye, wewe ndiyo unakumbuka ni wako?"

"Marselino, unanijua miaka mingapi?"

"Nakujua. Na hata huko kwenu Kishapu, ni wewe uliyenieleza, wimbo ni wa aliyetangulia nao. Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Ungetuimbia hata mara moja, leo sisi wote tungekuwa mashahidi wako." Kisha akageukia wengine. "Huo tunautoa. Mafundi wa redio wakitukuta tunapiga wimbo wa watu, watatufungia mlango. Tutarekodi ule wangu wa mavuno."

Wakachukua vyombo wakaanza wimbo wa mavuno. Mpiga tumba, ambaye Bujiku alimuuguza alipougua homa ya manjano, hakuinua hata uso. Bujiku aliondoka huku nyuma yake wakipiga, na hakukosekana kitu katika muziki wao. Hilo nalo lilimuuma.

Alidandia lori la chumvi lililokuwa linakwenda Geita kwa njia ya Kahama. Walipofika Masumbwe dereva alisimama kununua mkaa, na Bujiku kutoka juu ya magunia aliweza kuona paa la nyumba ya Gregory nyuma ya migomba. Hakushuka. Angemwambia nini Anisia? Kwamba jina lake limebanduliwa na rafiki ambaye Bujiku mwenyewe alikuwa akimleta hapo hapo kwake, akala ugali wake? Alijifunika turubai kama mwizi, yeye aliyeibiwa, mpaka lori likaondoka.

Geita ilikuwa na wimbo ule kama nyumba yenye mbu. Uliimba kwenye redio za wauza mitumba, uliimbwa na vijana waliotoka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na udongo mwekundu hadi kwenye nyusi, wakimpa Ghati sifa ambazo hata Cornel hakuzitunga. Jumapili iliyofuata ulikuwa umepanda hadi nafasi ya tatu. Kwenye baa ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, ambaye ndiye mwenye bendi, Bujiku alikuta vyombo vipya vinang'aa, magitaa yenye nyuzi za kweli, na msichana wa Kikurya nyuma ya kaunta aliyemkaribisha kwa tabasamu kubwa.

"Umekuja kumwona Cornel? Mimi ndiye Ghati," akasema. "Umeshausikia wimbo wangu?"

Bujiku aligeukia vyombo vya bendi. Msichana hakuwa na kosa lolote, na hilo lilifanya iwe vigumu zaidi kumtazama.

Cornel alitoka chumba cha nyuma, akamwona, akafungua mikono. Hakukimbia. Hata aibu, kama alikuwa nayo, aliificha vizuri. "Kaka! Keti, unywe soda."

"Umeniibia."

"Keti kwanza."

"Umeniibia wimbo, Cornel. Tumelala mkeka mmoja. Ulipougua mimi ndiye niliyekupikia uji. Kikulacho ki nguoni mwako, nilidhani watu wanasema tu. Ungetaka gitaa langu ningekupa. Ungetaka shati ningelivua hapa. Wewe ukachukua kitu kimoja tu ambacho hakikuwa changu kukupa!"

Cornel alikaa, akaweka mikono juu ya meza.

"Sikukuibia," alisema polepole. "Mtu haibi alichopewa."

"Nani alikupa?"

"Ulinituma nipeleke salamu zako Masumbwe nikiwa nakuja huku. Nilizipeleka. Kamuulize dada yako."

Bujiku alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mkono wa mpiga gitaa, mkavu na mgumu, na glasi ya jirani ikaanguka. Wachimbaji wawili wakamshika mabega. Cornel alijipangusa mdomo, akabaki amekaa, wala hakurudisha mkono.

"Kamuulize," akasema tena.

Hapo ndipo Bujiku alipoogopa. Mwongo akipigwa hurusha ngumi, hutukana, huita mashahidi. Cornel alimtazama tu kwa huruma, na hakuna kitu kibaya kama kuhurumiwa na mtu uliyekuja kumlaani.

Safari ya kurudi aliomba nafasi kwenye lori la marobota ya pamba, na Masumbwe akashuka. Jumapili ilikuwa imezunguka tena. Anisia alikuwa jikoni, anakoroga mlenda, kanga yake imefungwa kiunoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Nimetoka kwa Cornel."

Anisia aliweka chini upawa. Bujiku alisubiri ashangae, alaani, aulize kuna nini. Alisubiri kwa moyo wote, kama mtu anayemwombea mgonjwa.

"Basi ameshakwambia," Anisia akasema.

"Sema si kweli."

"Ni kweli. Aliniletea salamu zako, nikamuuliza kama mnaupiga ule wimbo. Akasema anaupiga ila maneno hayajui. Nikamwimbia. Mstari kwa mstari mpaka akaushika. Nikamwambia aende nao, awahi kuurekodi, aweke jina la mwanamke yeyote ila langu."

Bujiku akakaa pale pale mlangoni alipokuwa amekaa kumwimbia. Alikuwa amekwenda mpaka Geita kumtafuta adui, akampiga kofi mtu wa watu, kumbe kisu kilitoka katika mkono uliomlea.

"Kwa nini, dada? Nilikukosea nini?"

"Tanzania nzima itajua, ulisema. Itajua nini, Bujiku? Kwamba nilibadilishwa na gitaa?" Hakupaza sauti. "Nina watoto wanaokwenda shule hapa. Nina mama mkwe anayehesabu hata chumvi ninayoweka. Mume wangu kila Jumapili hukaa na redio magotini, na majirani huja kusikiliza. Siku nilipoletwa hapa nililia mbele ya mama peke yake, nikafuta uso, nikaingia. Miaka yote hii hakuna mtu Masumbwe aliyeliona chozi langu. Wewe ukataka kulipeleka uwanjani, lipigiwe tumba."

"Nilitaka kukuheshimu!"

"Ulitaka upumue. Lile gitaa lilikuwa linakulemea, ukataka nchi nzima ikusaidie kulibeba. Mimi je?"

"Ungeniambia tu. Neno moja. Ningeacha."

"Nilikuuliza kama jina langu lazima liwemo. Ukacheka."

Bujiku alikumbuka kile kicheko, akatamani kukimeza.

"Ng'ombe walipofika zizini mwetu hamkuniuliza," Anisia akaendelea. "Walipouzwa hamkuniuliza. Ukaja ukaniambia wimbo huu ni wako, dada. Nikasema haya, nami kwa mara ya kwanza nina changu. Nikaugawa. Mimi ni binti wa manju, najua wimbo unavyozuiwa. Unampa mwingine atangulie nao."

"Umenizika, Anisia. Ngokolo wananiita mwizi. Marselino ameniondoa kwenye kurekodi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta. "Sitaki redio tena. Sitaki jina. Njoo Shinyanga mara moja tu, umwambie Marselino kuwa ulinisikia nikiuimba. Ni wewe peke yako katika dunia nzima uliyenisikia. Sema hivyo tu."

"Nikimwambia Marselino, mke wa Marselino atajua. Akijua, sokoni Kahama watajua, na Masumbwe ni hatua mbili kutoka hapo. Yaya, hapana, ndugu yangu. Sisemi."

"Hata kama nitakufa mwizi?"

"Hutakufa," Anisia akasema, akamwaga unga kwenye maji yaliyokuwa yakichemka, akashika mwiko. Uso wake ulikuwa mkavu, na Bujiku akaelewa kwamba hata wakikaa hapo mpaka masika hataulainisha. Alimchukia. Alimpenda na akamchukia kwa wakati mmoja, na chuki ndiyo iliyokuwa mpya.

Nje kikasikika kikohozi cha mzee, kisha mkwaruzo wa redio. Gregory alikuja akiburuta kigoda, akakaa karibu na mlango wa jiko. Betri alikuwa amezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu.

"Shemeji! Mwadila! Kumbe tuna mgeni na hakuna aliyeniambia. Ngoja, ngoja kwanza, wanataja wa kwanza."

Mtangazaji alisema kwamba wiki hii, kwa kadi zilizojaza magunia, wimbo unaoongoza nchi nzima unatoka Geita. Gitaa likapanda ngazi zake, likasita, na Cornel akaanza kuimba kwamba macho ya Ghati ndiyo gitaa lake, na kicheko cha Ghati ndicho sauti yake. Gregory alitikisa kichwa kwa raha, mguu wake mmoja ukihesabu mapigo kwenye vumbi.

"Huu una kitu," akasema. "Kila nikiusikia nahisi kama namjua aliyeutunga. Maneno ni ya mapenzi, lakini sauti ni ya msiba. Umeliona hilo, shemeji? Wewe ni mtu wa muziki, hebu niambie. Huu wimbo ni wa nani hasa?"

Mwiko ulisimama ndani ya chungu.

Bujiku alimtazama dada yake. Anisia hakumwomba kwa macho, hakutikisa kichwa. Alikuwa amempa mgongo, mkono juu ya mwiko, na ugali ulianza kutoa harufu ya kuungua. Neno moja tu lilihitajika. Gregory alikuwa mtu wa maana katika ukanda ule wote, Kahama walimsikiliza, na akilisema yeye, Marselino angekuja mwenyewe kuomba radhi. Neno lilikuwa limeshafika ulimini, limejaa uchungu wa haki yake.

"Ni wa Cornel," Bujiku akasema. "Tulikuwa naye bendi moja. Nilikuwepo akiutunga."

"Nilijua tu," Gregory akasema. "Kijana ana akili. Na ninyi wa Ngokolo mjitahidi."

"Tutajitahidi, shemeji."

Anisia akaanza tena kusonga ugali, haraka haraka, kwa nguvu zote. Alipoupakua alimwekea Bujiku upande usioungua, akampigia goti na maji ya kunawa kama anavyopigiwa mgeni mkubwa. Bujiku alinawa, akala, akamjibu Gregory kila alichouliza kuhusu bei ya pamba na mvua za Kishapu. Dada yake hakumtazama tena mpaka lori la Kahama lilipopiga honi barabarani, na hata hapo Bujiku aliagana na shemeji yake tu.